Baba anakumbuka kila kitu, mbona kuamua kunamshinda?

SWALI: Daktari, baba yangu ana miaka 63, mchuuzi wa samaki hapa Bagamoyo. Miezi minne iliyopita alipata kiharusi kidogo. Anaongea vizuri, anatembea, anakumbuka hata madeni ya mwaka juzi. Ila akifika mnadani huganda, au hununua fungu la kwanza analoliona. Kipimo cha CT, ile picha ya ubongo, kilionyesha kovu la milimita 8 kwenye thalamasi, kiini kilicho katikati ya ubongo. Kovu dogo hivyo linambadilishaje mtu?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Baba hajawa mzembe wala mkaidi. Kukumbuka ni kazi moja, kuamua ni nyingine, na kuamua hakuna makao mamoja ubongoni.

Mtazame mnadani. Dalali akipandisha bei, baba anatakiwa ashike kwa pamoja bei iliyotajwa, pesa iliyomo mfukoni, gharama ya barafu na nauli ya mzigo hadi Dar. Mtu mwenye afya njema hushika vitu kama vinne tu kwa wakati mmoja. Kazi hiyo ni ya mtandao unaounganisha sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso na ile ya utosini. Mtandao wa pili, wenye vituo kwenye insula na singulati ya mbele (sehemu mbili zilizojificha ndani ya mikunjo ya ubongo), huchagua lipi lisikilizwe: sauti ya dalali, si soga za jirani. Kisha viini vya ndani kabisa huruhusu tendo moja na kuzuia mengine.

Thalamasi ni njia panda ya mitandao hiyo na viini hivyo. Kovu la milimita 8 kwingineko lingeweza kupita kimya. Hapo linakata nyuzi zinazohudumia eneo kubwa la mbele. Tendo lisiporuhusiwa, mtu huganda. Breki ikilegea, hununua la kwanza.

Mjaribuni hivi: bila kusema neno, mwonyeshe mara 3 ngumi mezani, ubavu wa kiganja, kisha kiganja bapa. Naye afanye peke yake mizunguko 6. Mkono una nguvu lakini anarudia ngumi tu au anaruka hatua? Shida ipo kwenye kupanga. Mwelezeni hilo daktari wake, asaili pia usingizi na sonona, maana navyo huzorotesha maamuzi.

Kosa la familia nyingi ni kumhimiza: “Haraka, baba!” Sauti hiyo inagombea nafasi zilezile nne. Andikeni nyumbani, kabla ya kutoka, kadi yenye mambo matatu: aina ya samaki, kilo, bei ya mwisho. Mnadani atalinganisha namba moja na namba moja. Msimwachishe kazi, mkampa michezo ya akili ya simu. Ustadi wa mchezoni hauhamii sana sokoni. Afanye mazoezi palepale, kwa fungu dogo, na mtu mmoja kando.

Makovu haya mara nyingi hutokana na presha kuharibu mishipa midogo. Baada ya kiharusi, lengo la kawaida ni chini ya 130/80, na dawa haziachwi kwa sababu presha imeshuka: imeshuka kwa sababu anazimeza. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, nendeni hospitali saa hiyohiyo.