Kuta za modeli ya kanisa la Kigothi kufunguka

Umesema kuta za modeli yako ya kanisa la Kigothi (mtindo wa ujenzi wa Ulaya ya zama za kati) hufunguka kila ukiweka dari ya matao. Usizinenepeshe, utaua madirisha. Dari hiyo haikandamizi chini tu, inasukuma pembeni. Simamisha nguzo nje, kisha urushe nusu-tao kutoka kwenye nguzo hadi ukutani, liguse juu kidogo ya pale mbavu za dari (matao membamba yanayoibeba) zinapoanzia. Likigusa chini mno, ukuta utapinda hapo juu. Kileleni mwa nguzo weka kijinara kizito. Wengi hudhani ni pambo, kumbe uzito wake huelekeza msukumo chini. Nguzo zisiachane mno pia: katika kanisa kuu la Beauvais, Ufaransa, dari yenye kimo cha mita 48 hivi iliporomoka 1284, na mafundi wakaongeza nguzo katikati ya zile za awali.