Muulize Mwalimu: Sungura huyu ametokea wapi?

Shikamoo Mwalimu. Nimeandika hadithi ya watoto wa miaka 4 hadi 7. Sungura anaamka asubuhi, theluji imeanguka usiku kucha, na hasikii kitu. Anawasha taa yake, anatoka kuzitafuta kelele zilikokwenda. Mimi si mchoraji, kwa hiyo picha zote 14 nimezitengeneza kwa programu ya akili mnemba: naieleza kwa maneno, inachora. Mimi naziona nzuri, tena za kufurahisha, hasa yale masikio marefu kupita kiasi. Lakini rafiki yangu mchoraji alizitazama akanirudishia, akasema hazina roho. Imeniuma. Hiyo maana yake nini? Nizitupe? Na je, picha hizi ni mali yangu?
Mwandishi wa Mara ya Kwanza

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuniletea kitabu kizima, toka jalada hadi picha ya mwisho, wala si zile mbili tatu unazozipenda zaidi.

Hilo neno "roho" tuliweke kando kwanza. Nilimpakata mjukuu wangu wa miaka 5, nikamsomea. Nilifundisha chekechea miaka mingi kabla ya kuanza kuhariri vitabu, na najua watoto wa umri huo hawasomi kama sisi. Sikio liko kwako, lakini jicho na kidole vimeshatangulia kwenye picha, vinakagua. Tulipofika picha ya nne, ile ya sungura amesimama katikati ya uwanda mweupe akitega sikio, kidole kikagota. "Bibi, huyu ameanguka kutoka juu?" Nikatazama vizuri. Kweli, theluji iliyo nyuma yake ni safi, haina hata unyayo mmoja. Halafu mbele yake, huko ambako bado hajafika, nyayo zimejaa tele. Nikarudi ukurasa wa nyuma, nikaenda wa mbele, nikakosa la kumjibu.

Hadithi ilikufa pale pale. Kuanzia hapo mtoto akawa anatafuta makosa tu, na akayapata. Skafu kwenye picha ya kwanza ina mistari mitatu myeupe, na fundo liko kushoto. Kwenye ya sita mistari haipo. Kwenye ya tisa imegeuka kola iliyoota kwenye manyoya. Masikio ya picha ya pili yana ncha nyeusi, na hilo lilinifurahisha, maana sungura wa nchi za theluji hata akigeuka mweupe mwili mzima, ncha za masikio hubaki nyeusi. Picha ya saba masikio ni meupe pe. Mjukuu akatoa hukumu: "Huyu ni kaka yake."

Si kosa lako peke yako. Programu nyingi za namna hii huanza na picha ya chengachenga tupu, kama televisheni iliyokosa mawimbi, kisha huziondoa chenga hatua kwa hatua mpaka kitokeze kitu kinachofanana na maneno uliyoandika. Kila picha inaanza upya. Ukiandika "sungura mwenye skafu nyekundu" mara 14, utapewa sungura 14. Zipo programu unazoweza kuzipa picha ya mfano zikaifuata, na zinasaidia, lakini hakuna inayojua kwamba ukurasa wa tatu sungura alitoka mlangoni akielekea kulia. Anayejua hilo ni wewe.

Sasa niseme jambo ninalolishikilia sana. Mtoto hukubali ndoto upesi kuliko mtu mzima. Sungura anaongea? Sawa. Anatafuta kelele kwa taa? Sawa kabisa, na mimi ile taa nimeipenda mno. Lakini hayo ndiyo mliyokubaliana. Yaliyobaki anataka yawe kama yalivyo, la sivyo ndoto yenyewe inakosa mahali pa kukanyaga. Wewe kwenye jalada umemwekea sungura chembe kubwa ya theluji puani. Nimehesabu matawi yake: manane. Maji yakiganda, molekuli zake hushikana kwa mpangilio wa pembe sita, na ile sita ndogo isiyoonekana ndiyo inayokua hadi kuwa nyota ya matawi sita. Johannes Kepler, yule mtaalamu wa sayari, aliandika kijitabu kizima mwaka 1611 akiuliza kwa nini ni sita siku zote. Na mkulima mmoja wa Vermont, Marekani, Wilson Bentley, alianza kuzipiga picha kwa hadubini mwaka 1885, akaendelea maisha yake yote mpaka akapitisha picha 5,000. Zitazame picha zake kabla hujarudi kwenye kompyuta. Utaona kwamba hukuwa na haja ya kuongeza matawi.

Nyayo nazo. Kitabu chako karibu chote ni cha kufuata nyayo, kwa hiyo hapa usikubali kubahatisha. Sungura akiruka, miguu ya mbele hugusa chini kwanza, kisha ile mikubwa ya nyuma huipita na kutua mbele yake. Kwa hiyo katika kila mruko alama mbili kubwa huwa mbele, mbili ndogo huwa nyuma. Programu yako imemchorea alama moja moja kama za mtu aliyevaa viatu. Ukizichora zilivyo hasa, unapata mchezo ambao hukuutarajia: asiyejua atadhani sungura amekwenda upande wa pili. Yule mbweha wako wa picha ya nane, anayemtafuta bila mafanikio, apotezwe na hilo!

Na pengwini wa picha ya 12, anayecheza na dubu mweupe? Dubu mweupe ni wa kaskazini ya mbali, pengwini ni wa kusini. Ikiwa umewakutanisha kwa makusudi, mpe pengwini sanduku la safari, mtoto aelewe amekuja kutembea. Ikiwa amejiingiza mwenyewe kwa sababu uliandika "wanyama wa baridi", mtoe.

Kutupa? Hapana. Picha ya 11, sungura ameinama na kuzika sikio ndani ya theluji, imenishika moyo. Tena ina kweli ndani yake: theluji iliyoanguka sasa hivi imejaa hewa katikati ya chembe zake, sauti ikiingia humo hunaswa, ndiyo maana asubuhi ya theluji mpya huwa kimya namna ile. Kelele zimekwenda chini ya pua ya sungura! Kitabu chenye wazo kama hilo hakitupwi.

Fanya hivi. Tandaza picha zote sakafuni kwa mpangilio, bila maneno, utembee kando yake polepole ukimtazama sungura peke yake. Ukimaliza rudi mwanzo, utazame nyayo peke yake, halafu mlango, halafu taa. Chukua karatasi umchore sungura wako kwa mkono, hata kama unachora vibaya: kutoka mbele, ubavuni na nyuma, na uandike skafu ina mistari mingapi na fundo liko upande gani. Karatasi hiyo ndiyo iwe sheria ya kitabu. Kisha umrudie yule rafiki yako. Najua alikuumiza, lakini umwombe kazi anayoiweza: achore nyayo, skafu na masikio kwa mkono wake juu ya picha hizo, kwa malipo mliyokubaliana, na jina lake liandikwe ndani ya kitabu. Kama atasema ni afadhali azichore zote upya, msikilize. Mimi katika nafasi yako ningekubali.

Kuhusu uchapaji, kila picha uliyoniletea ina nukta 1,024 kwa upana, yaani vile vidoa vidogo vya rangi vinavyoiunda. Kwenye skrini inatosha. Kwenye karatasi wachapaji hutaka nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo ukurasa wa sentimita 25 unahitaji karibu nukta 3,000, na yako itafika kama sentimita 9 tu kabla ya kuanza kufifia. Pia ile buluu inayong'aa kwenye theluji yako inatokana na mwanga wa skrini. Wino hauwezi kung'aa vile. Chapisha kurasa mbili za majaribio kwanza, uzitazame mchana, karibu na dirisha.

Umiliki: hadithi ni yako, maana umeiandika wewe. Picha ni suala jingine, na kila nchi ina sheria yake. Marekani, ofisi ya hakimiliki iliamua Februari 2023 kuhusu kitabu kimoja cha katuni kilichotengenezwa hivyo kwamba maandishi na mpangilio wake vinalindwa, lakini picha zenyewe zilizotolewa na programu hazilindwi. Maana yake, mtu anaweza kumchukua sungura wako wa mashine nawe ukakosa pa kushtaki. Hiyo ni sababu nyingine ya mkono wa rafiki yako kuingia humo. Na kwenye ukurasa wa mwanzo eleza wazi picha zimetengenezwaje. Mzazi anayenunua ana haki ya kujua.

Mwalimu, mwanangu wa miaka 6 ana kitabu cha majira ya baridi chenye picha za kompyuta. Vivuli vyote vya miti juu ya theluji ni vya buluu. Anasema kivuli ni cheusi, kwa hiyo kompyuta imekosea, na kila jioni tunabishana. Nimwambieje?
Baba wa Mtoto Mbishi

Mwambie hapo kompyuta imepatia. Kwenye kivuli mti umezuia jua, lakini haujazuia anga. Mwanga wa buluu wa anga bado unafika pale, na theluji, kwa kuwa ni nyeupe, hurudisha rangi yoyote inayoiangukia. Claude Monet alipaka vivuli vya buluu juu ya theluji karne ya 19, zamani sana kabla kompyuta hazijaanza kuchora.

Msimbishie kwa maneno, lakini. Siku ya jua kali isiyo na mawingu wekeni karatasi nyeupe nje, msimamishe kikombe juu yake, na mlaze penseli nyeusi ndani ya kivuli. Aamue mwenyewe kama rangi hizo mbili ni moja. Kisha afungue kitabu chake atafute ukurasa ambao anga ni la kijivu na theluji inaanguka. Siku kama hiyo mwanga unatoka kila upande, na vivuli vya buluu havipaswi kuwepo. Kama vipo, basi kompyuta imekosea kweli, na mwanao ameshinda.