Aliyetulia hajaondoka

Swali: Nimeunganisha kamera na skrini ya maonyesho. Mtu akifika simulizi inaanza, akisimama kuisikiliza inazimika. Kamera mbovu? (Ujiji)

Jibu: Kamera yako nzima. Unapima kusogea wakati unataka kujua kuwepo. Ukilinganisha fremu (picha moja ya video) na iliyoitangulia, anayetulia anafutika palepale. Hata MOG2, njia ya kutenganisha watu na mandhari ya nyuma iliyomo kwenye OpenCV (maktaba ya programu za kuchambua picha), inampa muda mfupi tu: kumbukumbu yake ya kawaida ni fremu 500, kama sekunde 17 kwa kamera ya fremu 30 kwa sekunde, na kabla hazijaisha anahesabiwa kuwa sehemu ya ukuta.

Niliwahi kuona mzee amekaa kwenye benchi mbele ya skrini niliyoitengeneza mimi, mikono yote miwili juu ya bakora, kichwa hakitikisiki. Hakuna aliyesikiliza vizuri kumzidi siku ile, na programu yangu ikamkatia simulizi katikati. Akanyanyuka taratibu, akaondoka, akidhani zamu yake imekwisha. Liliniuma sana, na ndiyo maana swali hili silipiti haraka.

Fanya hivi: iache programu iuzoee ukumbi mtupu, kisha mtu akiingia weka kasi ya kujifunza (jinsi programu inavyoyazoea mabadiliko) iwe 0, akitoka, irudishe. Mwanga ukibadilika katikati utaona watu wasiokuwepo, basi usiitegemee njia hii penye madirisha makubwa. Mashine yako ikiwa na nguvu, tumia programu inayomtambua mtu kwa umbo lake. Hiyo haijali kama ametikisika.

Swali: Kizingiti, yaani kiasi cha badiliko kinachohesabiwa kuwa kusogea, niweke ngapi? (Tabora)

Jibu: Kila wiki naulizwa hili, na kila wiki muulizaji hasemi kamera gani, mwanga gani, umbali gani. Hakuna namba ya wote. Rekodi dakika kumi ukumbi ukiwa mtupu, tazama chengachenga (mabadiliko madogo ya picha pasipo mtu) zinafika wapi, weka juu kidogo ya hapo. Usiandike tena kabla hujarekodi.

Swali: Kuna mwembe nje ya dirisha, upepo ukivuma kengele inalia. (Tabora)

Jibu: Chora eneo la kufuatilia, mwembe ubaki nje yake.

Swali: Mchezo wa watoto kudaka migebuka ukutani unajicheza wenyewe. (Mwanga, Kigoma)

Jibu: Kamera inawaona migebuka wa projekta wakiogelea, programu inadhani ni mikono. Waangazie watoto kwa taa ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), na kamera uiwekee kichujio kinachopitisha infraredi peke yake. Migebuka watapotea machoni pake, watoto watabaki. Ila ziba madirisha ya upande wa ziwa: jua la jioni lina infraredi kuishinda taa yoyote utakayonunua.

Swali: Taa zikiwashwa picha inapita mistari. (Kasulu)

Jibu: Umeme wetu ni wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde), taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera yako huenda imewekwa 60. Badilisha, na uizuie isijirekebishe mwanga yenyewe, maana kila inapojirekebisha ukuta mzima unaonekana umesogea.

Swali: Nahifadhi video zote za wageni niboreshe programu. (Kibondo)

Jibu: Acha leo. Wageni walikuja kutazama, hawakuja kurekodiwa, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Tambua, hesabu, futa fremu. Kivuli cheupe juu ya weusi kinatosha kwa mchezo, sura haihitajiki, sembuse ya mtoto. Ukihitaji video za majaribio, rekodi watu wazima waliokubali, tena uwaombe wakae tuli kwenye benchi dakika tano nzima.