Piritoni Haifungui Kifua

Katika nyumba nyingi za Tanga, mtu akibanwa na pumu usiku, droo inafunguliwa na kinachotoka ni piritoni. Mwasho wa ngozi, mafua, macho mekundu, kikohozi, kifua kupiga mluzi: vyote hupewa kidonge hicho hicho. Kwa mwasho ni dawa nzuri. Kwa kifua kilichobana haina msaada wa maana, na ina hatari yake: kidonge kinamsinzisha mgonjwa huku mirija ya hewa ikiendelea kujifunga. Anayemwangalia anaona ametulia, anadhani amepata nafuu.

Kosa hili lina mantiki. Piritoni inapinga histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho na uvimbe, na pumu ya mzio kweli inahusika na histamini. Tatizo ni kwamba histamini haiji peke yake.

Kila mahali mwili unapokutana na mambo ya nje, chini ya ngozi, puani, tumboni, kwenye mirija ya hewa, zimekaa seli za masti. Mjerumani Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878, lakini hadi mwaka 1953 ndipo James Riley na Geoffrey West walipoonyesha kuwa ndizo ghala la histamini mwilini. Ndani zimejaa chembechembe zenye histamini iliyokwisha kutengenezwa. Juu zimeshikiliwa na kingamwili aina ya IgE, kila moja ikikijua kitu chake: mdudu wa vumbi, mende, kamba wa baharini. Kitu hicho kikifika na kuunganisha IgE mbili zilizo jirani, seli humwaga shehena yake ndani ya dakika chache, kama pakacha lililokatika.

Histamini ndiyo ya kwanza kutoka. Inatanua mishipa midogo ya damu na kuifanya ivuje, ndiyo maana ngozi huvimba na pua kutiririka. Inabana mirija ya hewa pia, ila mwili huivunja upesi. Wakati huo huo seli hiyo hiyo inatengeneza vitu vipya: prostaglandini D2 na lukotraini. Lukotraini katika majaribio hubana mirija ya hewa kwa nguvu inayofikia mara 1,000 ya histamini, na hubana kwa muda mrefu zaidi. Baadaye, kama saa 4 hadi 8, zinawasili seli nyingine za damu zilizoitwa na wito wa zile za mwanzo, na uvimbe wenyewe unaanza. Mtu aliyefagia chumba chenye vumbi saa 12 jioni akapiga chafya kidogo anaweza kubanwa kikweli saa 6 usiku, na asikumbuke kabisa ule ufagio.

Piritoni na dawa za jamii yake, setirizini na loratadini, huziba kipokezi kimoja tu cha histamini, kinachoitwa H1. Hazizuii seli kumwaga, na lukotraini hazina habari nazo. Kuna jambo jingine linalofanya pumu iwe tofauti na mafua ya mzio: mwaka 2002 Brightling na wenzake, Uingereza, walichunguza vipande vya mirija ya wagonjwa na kukuta seli za masti zimejipenyeza ndani ya misuli yenyewe ya mirija. Yaani kinachobana na kinachobanwa vinakaa chumba kimoja. Dawa ya kuzima hali hiyo ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi, inayotumika kila siku hata siku ambazo kifua ni kizuri. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umeacha kushauri mtu mzima au kijana atibiwe kwa pampu ya salbutamoli peke yake, kwa sababu hiyo inafungua mirija bila kugusa uvimbe.

Vidonge vya salbutamoli navyo viachwe. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina dawa sawa na mipuliko 40 ya pampu ya mikrogramu 100, lakini inazunguka mwili mzima kabla kidogo chake hakijafika kwenye mapafu. Matokeo yake ni mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, na nafuu inayochelewa.

Pampu ikipulizwa moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa ya dawa inagonga koo na kuishia hapo. Inahitaji chombo cha kati, na chupa ya maji ya nusu lita inatosha. Ioshe kwa maji yenye sabuni kidogo ya maji, usiisuuze, iache ikauke yenyewe bila kuipangusa. Plastiki kavu iliyosuguliwa kwa kitambaa hupata umeme tuli unaonasa dawa kwenye kuta za chupa, na mgonjwa anavuta hewa tupu. Pinda waya ufuate umbo la mdomo wa pampu, upashe moto, yeyusha tundu kwenye kitako cha chupa. Fanya nje, maana moshi wa plastiki peke yake unatosha kumbana mwenye pumu. Ingiza pampu plastiki ikiwa bado laini ili ikae kwa kubana, zungushia tepu, kisha chungulia ndani uhakikishe hakuna kipande kilichobaki.

Mgonjwa anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi za kawaida 5 au 6. Ngoja nusu dakika, tikisa tena, bonyeza tena. Wengi hubonyeza mara mbili tatu kwa pamoja kwa haraka, na hapo matone ya dawa hugongana, huwa makubwa na kuanguka chini ya chupa. Mtoto mdogo asiyeweza kufumba midomo kwenye chupa anahitaji barakoa. Baada ya steroidi, sukutua na uteme, la sivyo utando mweupe utaota mdomoni.

Shambulio likija, puliza pampu ya salbutamoli mara 4 hadi 10 kwa mtindo huo, moja moja, na rudia kila dakika 20 ndani ya saa ya kwanza. Anayeshindwa kumaliza sentensi, aliyebadilika rangi ya midomo, au ambaye mluzi umenyamaza huku bado anahangaika kupumua, asisubiri saa iishe. Apelekwe Bombo au hospitali iliyo karibu, na pampu iendelee njiani. Kifua kilichonyamaza ghafla kinatisha kuliko kinachopiga kelele.

Sasa vipimo, maana hapa fedha nyingi hupotea. Maabara zingine hupima IgE ya jumla na kumpa mtu karatasi yenye namba kubwa. Pwani kwetu namba hiyo haisemi mengi: minyoo na kichocho hupandisha IgE ya jumla sana, na mtu anaweza kuwa nayo tele bila mzio wowote. Kipimo cha kuuliza ni cha ngozi, au IgE ya kitu mahususi. Cha ngozi kinatumia tone la kila kinachoshukiwa, tone la histamini ya miligramu 10 kwa mililita, na tone la maji ya chumvi. Ngozi huchomwa kidogo, na baada ya dakika 15 uvimbe unapimwa kwa rula: ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, unahesabika. Tone la histamini lisipovimba, kipimo kizima hakina thamani, na kwa kawaida mhusika ni kidonge. Acha setirizini au loratadini siku 7 kabla, piritoni angalau siku 3. Pampu za pumu usiziache.

Nyumbani anza na kitanda. Mdudu wa vumbi haonekani kwa macho, anakula magamba ya ngozi yetu na anapenda unyevu, na unyevu Tanga haukosekani. Mito ya usufi ya siku nyingi ni makazi yake bora. Kuanika mto juani kunaua baadhi ya wadudu, lakini kinacholeta mzio ni kinyesi na mabaki yao, nayo jua haliyaondoi. Funika mto na godoro kwa foronya nzito yenye zipu, fua mashuka kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, na pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya ufagio mkavu. Moshi wa udi na ubani si mzio, unakera mirija moja kwa moja, kwa hiyo hakuna kidonge cha mzio kitakachomsaidia mwenye pumu kukaa nao chumbani. Ndugu waelezwe, wafukize uani.

Kisha samaki. Ukisikia mtu wa pwani anasema ana mzio wa jodari, muulize wangapi walikula pamoja naye. Jodari, vibua na dagaa wana histidini, kijenzi kimoja cha protini, nyingi kwenye nyama. Samaki akikaa juani bila barafu, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini, na ikishafanyika hakuna moto wa kuiondoa: kukaanga, kuchemsha wala kugandisha haviivunji. Uso unakuwa mwekundu na moto, kichwa kinauma, moyo unadunda, ngozi inawasha, kwa kawaida ndani ya saa moja tangu kula. Hapo seli za masti hazina kosa, histamini imeletwa na sahani. Na hapo piritoni inafanya kazi vizuri kweli. Mwenye pumu anaweza kubanwa pia, kwa hiyo pampu iwe karibu.

Samaki huyo anaweza kuwa na sura nzuri na asinuke. Mara nyingine ulimi unahisi ukali kama pilipili manga. Akiwa hivyo, mwache. Pale soko la samaki la Deep Sea, Tanga, au sokoni Bagamoyo, swali la kumuuliza mchuuzi ni kama amekaa kwenye barafu tangu alipovuliwa, maana barafu ya kumrushia ukimnunua imeshachelewa. Anayetumia isoniazidi kwa kifua kikuu awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa dawa hiyo inazuia mwili kuvunja histamini, na kipande kisichowadhuru wengine kinaweza kumwangusha yeye.

Mzio wa kweli wa kamba ni habari tofauti: anaugua mmoja, na kila anapokula. Kinachosababisha ni protini iitwayo tropomiosini, ambayo kwa mende na mdudu wa vumbi inafanana mno na ya kamba, ndiyo maana wengine wanakuta hivyo vitatu vinawasumbua pamoja. Mwenye mzio huo akivimba midomo, akabanwa kifua na kuishiwa nguvu kwa wakati mmoja, dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa nje wa paja, miligramu 0.01 kwa kilo, isizidi 0.5 kwa mtu mzima. Piritoni na haidrokotizoni ni za baadaye.

Kwa wanaofanya kazi kwenye mkonge, hasa chumba cha brashi ambako singa kavu hutoa vumbi, kipima pumzi cha mkononi kinafaa kuliko kubahatisha. Puliza mara 4 kwa siku kwa wiki mbili, siku za kazi na za mapumziko, na uandike. Namba zikishuka siku za kazi na kupanda za mapumziko, mpelekee daktari daftari hilo, usiende na maneno matupu.

Na pampu ihesabiwe. Nyingi zina mipuliko 200, na ikiisha dawa hubaki gesi inayoendelea kutoa sauti ile ile. Kuitikisa hakukuambii kitu, kuielesha kwenye ndoo ya maji kunadanganya. Isiyo na namba mgongoni, bandika karatasi na weka alama kwa kila mpuliko, ukifika 180 nunua nyingine.