Je, Watoto Hueneza Korona?

SWALI (wakati shule zilipokuwa zimefungwa kwa sababu ya korona): Mume wangu husema watoto hawaenezi virusi vya korona, hivyo shule zifunguliwe mara moja. Mimi namhofia mama yangu mzee tunayeishi naye. Nani yuko sahihi?

JIBU: Hofu yako ina msingi, dada. Watoto huambukizwa na huambukiza wengine, ingawa wengi wao huugua kidogo tu au hawaonyeshi dalili yoyote, na ndiyo maana ni rahisi kudhani kwamba wako salama. Hata hivyo, mumeo hajakosea katika yote: Aprili 2020, wakati wanafunzi zaidi ya bilioni moja duniani walikuwa nje ya shule, Denmark ilianza kuwarudisha watoto wadogo darasani, katika vikundi vidogo, wakinawa mikono mara kwa mara na kufundishwa nje kila ilipowezekana. Mimi naunga mkono kufungua, mradi madirisha yaachwe wazi, kwa kuwa virusi huelea hewani katika chumba kilichofungwa. Mtoto anayekaa nyumbani kwa miezi mingi husahau hata kusoma, nami nimeliona hilo kwa uchungu. Mama yako apate chanjo. Na mjukuu akianza kukohoa, asilale chumba kimoja na bibi yake.