Maswali na Majibu: Kukata Maandishi Bila Kupoteza Kitu

Barua za safari hii zinatoka Nakuru hadi Maseno, na karibu zote zinahusu kazi inayoonekana nyepesi kuliko ilivyo: kuchukua mstari wa maandishi na kuukata vipande ndani ya programu. Naanza na ile inayogusa pesa za watu.

Natengeneza huduma ya USSD (menyu ya simu inayojibiwa kwa kubonyeza namba) ya wakulima wa maziwa wa Njoro. Nakata majibu kwa kinyota, kisha nahesabu vipande ili nijue mkulima yuko hatua gani. Mbona mtu ambaye hajabonyeza chochote anahesabiwa kuwa na kipande kimoja? — Mtengenezaji programu, Nakuru

Kwa sababu anacho kweli: kipande kitupu. Malango ya USSD, yaani huduma zinazounganisha programu yako na mitandao ya simu, kama la kampuni ya Africa's Talking, huunganisha majibu yote ya mteja kwa kinyota. Aliyechagua 1 kisha 3 anakufikia kama 1*3, na anayeanza anakufikia na maandishi matupu. Ukiyakata maandishi hayo matupu kwa kinyota, lugha za programu za Python, JavaScript na Go zote hukurudishia orodha yenye kipande kimoja kisicho na herufi. Hesabu haijakosea. Idadi ya vipande ni idadi ya vitenganishi (hapa, vinyota) kuongeza moja, na sifuri kuongeza moja ni moja. Basi uliza kwanza kama maandishi ni matupu, ndipo ukate.

Najua utashawishika kutupa vipande vyote vitupu ili hesabu ikae sawa. Tafadhali usifanye hivyo. Kipande kitupu ni habari: kinakuambia mtu aliulizwa na hakujibu. Ukikitupa, jibu la swali la tatu linasogea mahali pa la pili, na lita za maziwa zinaandikwa kwenye safu ya idadi ya ng'ombe. Hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini. Mkulima ndiye atakayeligundua, siku ya malipo.

Kama seva yako imeandikwa kwa Java, kuna mawili zaidi. Split, amri ya kukata, katika Java husoma kitenganishi kama ruwaza ya rejeksi (alama fupi za kueleza maandishi yanayotafutwa), na kinyota kikiwa peke yake si ruwaza halali, kwa hiyo programu itaanguka hapo hapo. Andika "\\*" au tumia Pattern.quote. La pili ni baya zaidi kwa kuwa halipigi kelele: Java huondoa vipande vitupu vya mwishoni. "5,,".split(",") hukupa kipande kimoja badala ya vitatu. Ongeza -1 baada ya kitenganishi, vyote vitabaki.

Programu yangu ya kuhesabu maneno ya Kiswahili na Kidholuo inadai kwamba "ng" ni miongoni mwa maneno yanayotumika sana. Nimekosea wapi? — Mwanafunzi, Maseno

Nadhani umetumia ruwaza ya \w+, ambayo vitabu vingi hufundisha. Ruwaza hiyo inatambua herufi, tarakimu na mstari wa chini tu. Ritifaa (alama ya ' kama katika ng') kwake ni mwisho wa neno, basi ng'ombe anatoka vipande viwili, "ng" na "ombe". Aliyeiandika hakuwaza lugha zetu, na ni juu yetu kuzitetea.

Upande wetu huu hilo si jambo dogo. Ng'iya na Nyang'oma Kogelo ziko Siaya, si mbali na ulipo. Jina la gavana wa Kisumu, Anyang' Nyong'o, lina ritifaa mbili, na moja iko mwishoni kabisa mwa neno. Kwa hiyo hata wale wanaokata kwa nafasi kisha wakaondoa alama za pembeni watalikata jina hilo vibaya.

Dawa ni kuiambia ruwaza kwamba ng' ni kitu kimoja. Geuza maandishi yote yawe herufi ndogo, halafu tafuta (?:ng['’]|[a-z])+. Panapotokea ng yenye ritifaa, inamezwa nzima; penginepo ritifaa inachukuliwa kuwa alama ya kunukuu na inaachwa nje. Ngoma inabaki ngoma, ng'ombe anabaki ng'ombe.

Umeona nimeweka ritifaa mbili ndani ya mabano? Moja imenyooka, nyingine imepinda. Baadhi ya simu na programu za kuandikia hugeuza iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kukuuliza, na kwa kompyuta hizo ni herufi tofauti. Chagua moja na ubadilishe zote kabla ya kuhesabu, la sivyo ng'ombe atatokea mara mbili kwenye orodha yako. Na kama utawahi kutuma matokeo kwa SMS, jambo hili lina gharama. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 za seti ya kawaida ya GSM (orodha ya herufi za mitandao ya simu), na ritifaa iliyonyooka imo. Iliyopinda haimo. Ikiingia hata moja tu, ujumbe wote unahamia mfumo wa Yunikodi, wenye herufi za lugha nyingi, na nafasi inashuka hadi herufi 70, au 67 kwa kila sehemu ujumbe ukigawanyika. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakuwa tatu.

Nakata faili ya CSV (jedwali la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato) kwa mkato huo, lakini mistari mingine ina safu sita badala ya tano. — Karani wa chama cha ushirika, Bungoma

Tazama mistari hiyo: bila shaka kuna mahali pameandikwa "Webuye, Bungoma" ndani ya alama za kunukuu, au kiasi kama "1,250". CSV inaruhusu mkato ndani ya alama hizo, na hata mstari mpya. Kanuni ziliandikwa mwaka 2005 katika RFC 4180, waraka wa kanuni za intaneti. Split haizijui. Tumia msomaji wa CSV wa lugha yako. Python inao tangu toleo la 2.3. Usijitengenezee wako.

Nataka kukata mstari kwenye mkato wa kwanza tu. Nikiweka kikomo cha 2 katika JavaScript, sehemu iliyobaki inapotea. — Msomaji, Kakamega

JavaScript hukata kote kisha hukupa vipande viwili vya mwanzo na kutupa salio. Go na Java, kwa kikomo hicho hicho, huliacha salio zima katika kipande cha pili. Katika Python andika 1, maana huko unahesabu mara za kukata, si vipande. Katika JavaScript tafuta nafasi ya mkato kwa indexOf, kisha utumie slice.

Nimeandika maktaba ndogo (msimbo ambao wengine wanaweza kuutumia katika programu zao) ya JavaScript ya kukata maandishi. Wenzangu wanasema haina haja kwa kuwa split ipo. Niichapishe? — Kijana wa Kondele, Kisumu

Ichapishe, ndugu yangu. Barua zilizotangulia zinaonyesha kwamba haja ipo. Lakini kabla ya msimbo, andika ahadi zake kwa maneno. Vipande vitupu vinabaki au vinaondoka? Kikomo kinahesabu nini? Kitenganishi kikiwa kitupu kunatokea nini? Katika hili la mwisho lugha zinatofautiana kabisa: Python hukataa kwa kosa la ValueError, ilhali JavaScript hukata kila kipashio cha UTF-16 (mfumo wake wa kuhifadhi herufi, ambamo herufi moja huweza kuchukua vipashio viwili), na emoji nyingi hupasuliwa katikati.

Kisha weka jaribio moja ambalo mimi huliamini kuliko mengine yote: kata maandishi, uyaunganishe tena kwa kitenganishi kile kile, na uangalie kama umerudi ulikoanzia. Lifanye kwa maandishi matupu, kwa maandishi ya vitenganishi pekee bila herufi yoyote kati yao, na kwa Nyong'o.

Udogo wa maktaba usikutie aibu. Left-pad, maktaba nyingine ya JavaScript, ilikuwa na mistari 11 tu, na mwenyewe alipoiondoa kwenye npm, ghala la maktaba za JavaScript, mwezi Machi 2016, miradi mingi duniani iliyoitegemea, hata bila kujua, ilishindwa kujengwa. Watu wakianza kukutegemea, huna tena uhuru wa kubadilisha jambo kimyakimya. Anza na toleo la 0.1.0, ambalo kwa desturi ya namba za matoleo humaanisha kila kitu bado kinaweza kubadilika. Ukitoa 1.0.0, badiliko lolote la namna vipande vitupu vinavyoshughulikiwa lingoje 2.0.0.