Unajifunza lugha ya ishara? Acha kukariri ishara kama picha

Wengi wakianza lugha ya ishara wanafanya hivi: unafungua video, unaona ishara nzima, unaiiga, unaandika maana yake pembeni, unaenda nyingine. Muda si mrefu kichwa kimejaa na zote zimeanza kufanana. Mimi kila anayeniuliza namwambia kitu kimoja, ivunje ishara vipande, maana ndivyo ilivyoundwa, na ukizoea kuviona hivyo vipande msamiati unaingia haraka zaidi na unakaa.

Vipande vyenyewe ni umbo la mkono, mahali unapouweka, mwendo wake, na kiganja kinaangalia wapi. Vitatu vya mwanzo alivichambua William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza pale Gallaudet, chuo cha viziwi kule Washington, kwenye kazi yake ya 1960, wakati huo hata wasomi wengi walidhani viziwi wanapungapunga mikono tu, habari ya kiganja ikaongezwa baadaye. Ukitaka kuelewa kirahisi fikiria "pata" na "bata", umebadili sauti moja tu ushaingia bandani.

Nimejifunza ASL, ile ya Marekani, kwa hiyo mifano yangu ni ya huko, lugha unayojifunza wewe itakuwa na ya kwake. Chukua kidole cha shahada, kipitishe kwenye paji la uso huku kinakunjika, umesema msimu wa joto. Fanya vilevile usawa wa pua, umesema kitu kina sura mbaya. Shusha mpaka kidevuni, umesema kavu. Mkono uleule, mwendo uleule, kilichobadilika ni mahali tu! Au kunja kidole cha shahada, weka kifundo chake shavuni ukizungushe kidogo, hilo ni tufaha, lipandishe karibu na jicho limekuwa kitunguu, rudi shavuni ila safari hii nyoosha kidole, ni pipi. Na kiganja nacho kisikupite, kuna ishara ambayo kikiangalia juu ni vitu, kikiangalia chini ni watoto. Mtu aliyekariri picha anaona zile za usoni zote ni "kidole usoni" na anabaki kulaumu kumbukumbu yake bure.

Sasa daftari. Ukipanga ishara kwa alfabeti ya maana zake utateseka, kwa sababu zinazochanganyika mkononi zitakuwa mbalimbali kwenye karatasi na hutaziona pamoja hata siku moja. Zipange kwa umbo la mkono, halafu ndani yake kwa mahali. Sio mimi niliyeanzisha, Stokoe na wenzake walitoa kamusi ya ASL mwaka 1965 na waliipanga kwa vipande vya ishara zenyewe. Mimi kwangu hili ndo lilibadilisha kila kitu, na pia mwalimu akikurekebisha muombe akuambie kilichoharibika ni kipande gani, ni umbo au ni mahali, usiridhike na "rudia".

Mkono wa pili unatisha watu bila sababu. Robbin Battison, mtafiti wa ASL, miaka ya 70, alionyesha kwamba ishara za mikono miwili zina masharti: mikono yote ikitembea, basi kawaida ina umbo moja na mwendo mmoja, au inapokezana. Ikiwa na maumbo tofauti, mmoja unatulia tu kama meza na umbo lake linatoka kwenye kikundi kidogo cha maumbo rahisi, ngumi, kiganja kilichonyooka, kidole kimoja na kadhalika. Yaani nguvu zako peleka kwenye mkono unaoongoza. Wewe wa mashoto geuza kama kioo, maana haibadiliki, ila chagua mkono mmoja ubaki nao.

Kuna watakaosema sasa mbona ishara nyingi zinafanana na kitu chenyewe, si bora kukariri hiyo picha? Inasaidia kidogo, sikatai, lakini angalia mti. ASL wanasimamisha mkono kuanzia kiwiko, vidole vimetawanyika kama matawi, wanautikisa. Denmark wanachora umbo la mti mzima hewani, Uchina wanaonyesha shina kwa mikono miwili. Wote wameuona mti, kila lugha ikachagua vipande vyake, na picha haikuambii ipi imechagua nini. Ndo maana pia ASL na lugha ya ishara ya Uingereza hazielewani ingawa Kiingereza kipo kote kuwili, ASL ina damu ya Ufaransa, ilikuja na Laurent Clerc, mwalimu kiziwi wa Kifaransa, kwenye shule ya viziwi iliyofunguliwa Hartford mwaka 1817.

Halafu macho. Usiangalie mikono ya unayeongea naye, angalia uso, mikono utaiona tu kwa pembeni. Wanaotumia lugha hii ndivyo wanavyotazama, ndo maana tofauti ndogondogo zimejaa usoni. Na uso wenyewe ni sarufi, kwenye ASL nyusi zikipanda ni swali la ndiyo au hapana, zikikunjwa ni swali la nani, nini, wapi. Nyusi zako zikilala, swali lako linaonekana ni taarifa.

Ya mwisho ni vitenzi. Vingi vinabeba nani kamfanyia nani ndani ya mwendo, "kutoa" ukianzia kwangu kuja kwako ni nakupa, ukigeuza ni unanipa, viambishi vyote vimeishia kwenye mwelekeo. Lakini sio vyote, "kupenda" kwa ASL mikono inakumbatia kifua na haiendi popote, huwezi kuipeleka kwa mtu, inabidi umwonyeshe kwa kidole. Kwa hiyo kila kitenzi kipya, kabla hujakiandika, uliza kinatembea au kimekaa mwilini, andika hapohapo.